Mate ya Ruguru

Kabla shingo yake haijavimba, Ruguru alikuwa na sauti ambayo sisi wa kilima hiki cha chini ya Nkubu tuliitumia kama mali ya kijiji. Ukipotelewa na ng'ombe ulimpelekea habari. Alipanda juu ya kichuguu kilicho mbele ya jiko lake, akaita mara moja, na ng'ombe akarudi pamoja na ndama wa watu wengine. Nilimwona kwa macho yangu akimkemea mwewe aliyekuwa ameshafika mawinguni na kifaranga kwenye makucha. Yule mwewe alishuka, akakiweka kifaranga pale pale alipokitoa, akaenda zake bila kuangalia nyuma. Asiyeamini akamuulize kuku.

Hakuwa wa huku. Alitoka Runyenjes, upande wa Embu, akaolewa na Gitobu, kijana mpole aliyekuwa na shamba la kahawa na migomba linaloteremka mpaka mtoni. Mimi ni jirani yao wa upande wa juu, na Ruguru ananiita Cucu, kama kwao wanavyowaita nyanya. Gitobu alikuwa na kaka mmoja, Kaimenyi, mwenye shamba la ubavuni. Siku bibi arusi alipoletwa, Kaimenyi alisimama na bilauri ya uji mkononi akasema, "Ndugu yangu hakuoa mke, ameoa kipaza sauti."

Ruguru alikuwa bado na shela kichwani. Akamjibu, "Na wewe shemeji ukipata mke, nitakusaidia kumwita, maana nasikia wote wamekataa kuja."

Watu walicheka mpaka uji ukamwagika. Kaimenyi hakucheka. Mtu akitukanwa na asicheke wala asikasirike, ujue ameweka akiba.

Akiba hiyo alikuja kuitoa Gitobu alipokufa, siku lori la majani chai lilipokosa breki kwenye mteremko. Udongo wa kaburi haujakauka, tukasikia shoka. Kati ya yale mashamba mawili kulikuwa na mringa mkubwa ambao baba yao aliupanda kuwa mpaka, na kila mtoto wa kilima hiki alijua kwamba upande huu ni Gitobu na upande ule ni Kaimenyi. Kaimenyi aliuangusha, akachimbua kisiki, akachoma mizizi, akapanda mahindi juu yake. Kisha akatangaza kwamba mpaka ni ile mistari ya miti ya migrevilea iliyo huku juu. Kwa maneno hayo alikuwa amemeza kipande kizuri kuliko vyote, chenye nduma, yaani magimbi, kando ya mto na kahawa ya zamani ambayo haijui kiangazi.

Ruguru alipanda kichuguu chake. "Kaimenyi, mringa uko wapi?"

Tulimsikia sisi, na walimsikia walio ng'ambo ya bonde. Kaimenyi akajibu kutoka shambani, polepole, "Mringa gani?"

Hati za shamba zilikuwa bado kwa jina la baba yao marehemu, kwa hiyo serikali haikuwa na la kusema. Sisi majirani tulisema tuliuona huo mti, Kaimenyi akasema tumeonjeshwa nduma. Mambo yakafika kwa wazee, na mkubwa wao, mzee Bundi, baada ya kusikiliza hadi usingizi ukamjia, akasema, "Hapa maneno yameisha. Amebaki beberu."

Kwetu, neno likikosa mwisho, watu wawili huapa mbele ya beberu. Kila mmoja husema lake, kisha husubiriwa. Mzee Bundi aliwapa misimu minne ya mvua. Katika misimu hiyo hakuna kugusa kile kipande, na aliyeapa uongo atajulikana kwa mwili wake. Mchungaji alikuja mbio na pikipiki kumwambia Ruguru kwamba Mkristo haapi kwa mbuzi. Ruguru akamjibu, "Mbuzi ndiye atakayeapa, mchungaji. Mimi nitasimama kando yake tu."

Wakaapa. Ruguru akasema mringa ulikuwapo. Kaimenyi akasema haukuwapo.

Maharagwe ya msimu wa kwanza yalikuwa yanatoa maua Ruguru alipokuwa anafunga leso yake akagusa kitu chini ya taya. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa makadamia, na hakikuuma. Akakificha kwa leso. Lakini mwenye sauti kama ile atafichaje? Sauti ilianza kutoka kama imefunikwa na sufuria. Alimwita ng'ombe wangu, akaja mbuzi.

Siku ya kupima kahawa kiwandani, tuko kwenye foleni na magunia yetu, Kaimenyi akamkaribia mbele za watu wote. "Shemeji, hebu fungua hiyo leso tukusalimie shingo."

Ruguru si mtu wa kurudi nyuma. Akaifungua. Foleni nzima ikanyamaza, hata ile mashine ya kumenya kahawa nadhani ilinyamaza. Kaimenyi akatikisa kichwa kwa huruma ya kununua. "Mimi sina neno," akasema. "Beberu ndiye mwenye neno."

Kuanzia hapo hakuna aliyekunywa chai kwa Ruguru isipokuwa mimi. Akinamama waliwavuta watoto akipita. Kwenye kwaya walimwachia benchi zima, wakasema ni la heshima. Na Kaimenyi, ambaye alikatazwa kugusa kile kipande, hakukigusa. Alisimama tu ukingoni na kamba ya kupimia, akipima hewa. Siku moja nilikuwa uani kwa Ruguru tunachambua mboga, akatujia.

"Shemeji, usiogope," akasema. "Tutakuzika vizuri. Nimeshakuchagulia mahali, pale pale ulipokuwa unasema kulikuwa na mringa."

Ruguru alitema mate, yakatua katikati ya viatu viwili vya Kaimenyi. Wakati huo mate alikuwa nayo.

Kaimenyi alipoondoka, Ruguru hakulia. Aliendelea kuchambua mboga, ila alikuwa anatupa majani mazuri na kuweka mabovu kwenye sufuria. Kisha akaniambia, "Cucu, nikifa, basi niliapa uongo. Unaelewa? Kufa siogopi sana, wazuri wengi wako huko. Ninachokataa ni kufa kabla ya msimu wa nne. Binti yangu atanyang'anywa shamba na nitazikwa mwongo, na yule mtu atakula nduma zangu juu ya kaburi langu."

Nikamwambia, "Basi usife."

"Nataka kwenda kuuliza kama inawezekana," akasema.

Binti yake, Gatakaa, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Timau na hakuweza kupata ruhusa haraka. Kwa hiyo tulikwenda mimi na Njuki, kaka yake Ruguru aliyekuja kutoka Runyenjes. Kaimenyi alisambaza habari kwamba tumempeleka Mbeere kwa mganga. Tulikuwa kwenye hospitali kubwa, kwenye benchi la watu waliofunga shingo.

Daktari alikuwa msichana mwembamba anayeitwa Kiende, mwenye mikono baridi kama samaki. Alimmulika Ruguru kooni, akakata kinyama kidogo kwenye tonsili, na tuliporudi akatuambia bila kuzunguka kwamba ni saratani. Imeanzia kwenye tonsili, na lile lililo shingoni ni mtoto wake.

Watu wengine hapo huuliza kama watapona. Ruguru akauliza, "Itanipa misimu mingapi ya mvua?"

"Kwa nini misimu?"

"Nahitaji mingine mitatu. Baada ya hapo tutaongea."

Daktari Kiende alimwangalia, akaona hatanii. "Sikiliza, mama. Saratani ya mahali hapa si moja. Ziko mbili, zinafanana sura kama mapacha, lakini tabia ni mbalimbali. Moja huja na sigara na pombe, na ni kaidi. Nyingine huletwa na kirusi, na hiyo mara nyingi husikia matibabu. Kwa jicho siwezi kuzitenganisha. Kile kinyama tutakituma Nairobi kipimwe alama moja inaitwa p16."

"Kitaapishwa," Ruguru akasema.

"Kitafanywa nini?"

"Mtakiuliza kimetumwa na nani, na kikidanganya kitajulikana kwa mwili wake."

Daktari alicheka, lakini alifikiri kidogo. "Haya, kitaapishwa. Wanakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, wanakitia dawa. Kikishika rangi ya kahawia, tunajua kirusi kimefanya kazi yake hapo. Kisiposhika, njia yetu ni ndefu zaidi na yenye mawe."

"Na kikishika nitaishi?"

"Sikuahidi. Wewe ni mkulima, unajua. Ukiona mawingu meusi mlimani unapanda maharagwe. Lakini hutandiki turubai la kuyaanika siku hiyo hiyo."

"Mawingu yananitosha," Ruguru akasema. "Wengine kwetu wameshaniandalia jembe la kaburi."

Tukarudi nyumbani kungoja rangi. Kaimenyi alikuwa ameleta nguzo za ua. Hakuzisimika, maana ni marufuku. Alizilaza tu chini kwenye mstari wa migrevilea, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Ruguru alikaa juu ya kichuguu akimwangalia. Alikuwa hawezi tena kupiga kelele, kwa hiyo ile hasira yote iliyokuwa ikitokea mdomoni ikabaki ndani ikiiva. Alinieleza atakavyomfanya. Kwanza atamtembeza kwa magoti mpaka Igoji. Kisha akaona Igoji ni karibu, akasema Chuka. Kisha akakumbuka kwamba Kaimenyi akifika Chuka atapumzika kwa dada yake na kupewa chai, akafuta safari yote.

"La," akasema. "Atakaa hapa hapa. Atakuwa ananihitaji kila siku."

Sikuelewa alichosema. Nadhani hata yeye alikuwa bado hajaelewa.

Majibu yalipofika, Daktari Kiende aligeuza kioo cha kompyuta yake tukaona. Niliona kitu kama shamba letu lilivyo baada ya mvua ya kwanza, wekundu uliotota na kuwa kahawia, hakuna mahali palipobaki pakavu.

"Imeshika," akasema. "Imeshika yote."

"Kahawia," Ruguru akasema. "Nimelima kahawa maisha yangu yote, leo ndiyo imenilipa vizuri." Kisha akauliza swali ambalo nilitamani asiulize. "Na hicho kirusi kinaingiaje?"

Daktari akapunguza sauti. Alisema kinapita kwa mapenzi, ya mwili na ya mdomo. Akasema karibu kila mtu mzima hukutana nacho, wengi mwili hukifukuza bila wao kujua, na kwa wachache kinajificha miaka na miaka. Hakuna awezaye kusema kilitoka kwa nani wala lini, na hakuna aibu hapo.

Ruguru akainamisha kichwa. Nikafikiri amevunjika. Kumbe alikuwa anapiga hesabu zake.

"Gitobu aliniachia shamba na kirusi," akasema. "Kaimenyi anataka kurithi shamba peke yake. Mila gani inagawa hivyo?"

Daktari aliweka kalamu chini ili acheke vizuri.

Tulipotoka nje, Ruguru alinishika mkono. "Cucu, habari ya kirusi isifike nyumbani. Waambie natibiwa, basi."

"Lakini ukiwaambia, watajua si kiapo. Watarudi kunywa chai kwako."

"Sitaki chai yao. Wakijua uvimbe umeletwa na kirusi, watasema beberu hana nguvu. Na mimi namtaka beberu akiwa na pembe zake zote. Msimu wa nne ukifika nikiwa hai, atamgeukia nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba atapona. Mtu mwenye kazi kama hiyo mbele yake hafi ovyo.

Walimpa mionzi kwa majuma mengi, siku zote za kazi, na dawa ya kwenye mshipa. Walimtengenezea uso wa pili, wavu mweupe ambao waliulainisha kwa maji ya moto wakamfinyangia usoni mpaka ukashika pua, mashavu na kidevu chake. Kila siku walimlaza, wakamvalisha, wakaubana kwenye meza asitikisike. Njuki alimpangia chumba karibu na hospitali, nami nikakaa naye kumpikia uji. Wenzake pale waliomba kimoyomoyo mashine ilipokuwa ikinguruma. Ruguru aliniambia yeye alikuwa anamtupa Kaimenyi mtoni. Siku moja kwa jiwe shingoni, siku nyingine bila jiwe ili amwone akihangaika. Fundi wa mashine alimsifu mbele ya wagonjwa wote kwamba hakuna anayetulia kama yeye.

Sitasema ilikuwa rahisi, hata mimi nina mipaka ya kudanganya. Koo liliungua ndani kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Uji ulipita kwa machozi, kisha haukupita kabisa wakamwekea mpira puani. Chumvi ikapotea mdomoni mwake, sukari ikafuata. Akakonda, leso ikawa inamzunguka mara mbili. Na mwisho mate yalikauka. Yote. Daktari Kiende alimweleza kwamba mionzi imepita kwenye tezi zinazotoa mate, huenda yatarudi polepole, huenda yasirudi yote. Tangu hapo Ruguru hutembea na chupa ya maji kama watu wengine wanavyotembea na simu.

Ile sauti ya kuita mwewe haikurudi. Ilikuja nyingine, ndogo, nyembamba, inayokata kama wembe mpya. Ungedhani amepunguziwa, mpaka akusemeshe.

Tuliporudi, Kaimenyi alikuwa barabarani. Alikuwa ametega masikio kusikia gari la maiti, akaona pikipiki yenye Ruguru nyuma na ule wavu wa uso mapajani.

"Shemeji," Ruguru akamwambia, "pale uliponichagulia kaburi panda ndizi. Mimi nimechelewa."

Siku hiyo hiyo alikwenda na nyundo, akaupigilia ule uso mweupe kwenye mgrevilea wa katikati, ukitazama mlango wa Kaimenyi. Alisema ni wa kufukuza kindi wa mahindi. Kindi hawakuujali. Lakini Kaimenyi alianza kutoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, na ng'ombe wake, naapa, aligoma kutoa maziwa upande wa kulia, ule unaotazama uso.

Msimu wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Uvimbe uliyeyuka kama mafuta ya kupikia juani. Ruguru alikuwa anakwenda kwa Daktari Kiende kuchunguliwa, anarudi, na kila akirudi anapita polepole mbele ya nyumba ya Kaimenyi, leso begani, shingo wazi. Watu walianza kukohoa langoni kwake wakiomba chai. Aliwapa ya jana.

Maharagwe ya msimu wa nne yalipokuwa yameanikwa, mzee Bundi aliwaita wote wawili. Alimpapasa Ruguru shingo kwa vidole vyake, huku na huku, kama mtu anayenunua mbuzi mnono. "Shingo hii ni safi," akasema. Kisha, bila kuambiana, wote tukageuka kumwangalia Kaimenyi. Bahati mbaya vumbi la maganda likamwingia, akakohoa. Waliokuwa karibu naye wakasogea.

"Hata mimi niko hai," akasema kwa haraka. "Beberu amenyamazia wote."

Mzee Bundi akanyanyuka kwa fimbo yake. "Msimu hauishi mpaka mavuno yaingie ghalani. Tungoje yakauke."

Sasa sikilizeni. Maharagwe yalikuwa bado juani Kaimenyi alipokuja langoni kwa Ruguru, taya la kushoto limevimba kama amejaza kiazi, na kichwa amekizungushia leso ya mkewe, maana mke alimpata mwishowe, kiziwi. Nilikuwepo. Mungu akipanga jambo zuri huwa ananiweka karibu.

"Shemeji, hodi," akasema. Sauti ilitoka kama imefunikwa na sufuria.

"Hebu fungua hiyo leso tukusalimie," Ruguru akamwambia.

Akaifungua. Harufu ilitufikia kabla yake. Ruguru alikuwa amekaa misimu yote ile kati ya watu wa midomo na mataya, anajua kinachonuka na kisichonuka. Akamwambia apanue kinywa, akachungulia. Hata mimi niliona gego la mwisho, jeusi, limetoboka, na ufizi umejaa usaha. Ni jino. Mtoto angejua ni jino. Ruguru akaniangalia, na macho yake yakacheka bila uso kujua.

"Pole sana," akasema. "Beberu huyu ana haraka."

Kaimenyi akafungua vifungo vya shati. Kwetu, uliyemkosea akikutemea mate kifuani, kidogo, ya kunyunyiza, amekuachilia na laana imetoka. "Nitemee, shemeji," akasema. "Nimekuja nitemewe."

Ruguru alipanua kinywa chake polepole. Ulimi ulikuwa mkavu, umepasuka kama njia ya ng'ombe wakati wa kiangazi.

"Mate sina," akasema. "Yaliungua nikiwa natibiwa ule uongo wangu."

"Una maji kwenye chupa."

"Haya ni ya mfereji. Unataka uachiliwe na bomba?"

Yule mtu mkubwa alianza kutetemeka kidevu. Ruguru akamwacha atetemeke kidogo, kwa faida yetu sote, kisha akamwuliza kwa upole, "Mringa ulikuwa wapi?"

Kaimenyi akaonyesha kwa kidole.

"Sisikii vidole. Na si mimi ninayetaka kujua. Panda kile kichuguu uwaambie, kwa maana sauti yangu ilipungua."

Akapanda. Mtu wa rika lake, shati wazi, taya kama kiazi, akasimama pale ambapo Ruguru alikuwa anasimama zamani, akaliambia bonde zima kwamba mringa ulikuwapo, baba yao aliupanda, yeye aliukata na akaapa haukuwapo. Mara ya kwanza watu wa ng'ambo hawakusikia. Ruguru akamwambia arudie. Ilibidi arudie tena, maana kuna mama mmoja alikuwa ameingia ndani.

Alipomaliza, alibeba nguzo zake mwenyewe, moja moja begani, akazirudisha kwake akipita mbele ya ule uso mweupe. Kisha akaenda Nkubu akanunua mche wa mringa, akaupanda mahali pake mzee Bundi akiangalia. Jua lilikuwa limeshainama. Hapo ndipo Ruguru alipomwambia, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na kesho uende ukang'olewe lile gego. Limeoza."

Aling'olewa. Taya likarudi mahali pake kwa siku chache. Lakini hofu haina koleo la kuing'oa. Kaimenyi alisema jino lilikuwa mjumbe tu, aliyemtuma bado yuko. Akarudi kwa Ruguru, kifua wazi, akiomba mate.

"Bado makavu," Ruguru akamwambia. "Daktari alisema huenda yakarudi polepole. Vitu vichachu huyaita."

Basi tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Kaimenyi analeta. Alianza na ndimu. Akaja na matunda ya passion, akaja na ukwaju kutoka Tharaka alioufuata mwenyewe juani, na miwa anayomenya kwa meno yaliyobaki na kumkatia vipande vidogo. Ruguru anafyonza akiwa amefumba macho, Kaimenyi anamwangalia koo kama mtu anayengoja mtungi ujae. Kisha Ruguru anapanua kinywa, anamwonyesha ulimi. "Bado, shemeji. Zile za juzi zilikuwa chachu zaidi." Naye anainuka, anamwagilia mche wa mringa, anakwenda.

Juzi tulikuwa uani tunapura maharagwe, jogoo wangu akavuka ua akaja kudonoa. Ruguru hakuinuka. Alikusanya mashavu yake, akatema. Tone lilitoka pale alipokaa, likapita juu ya turubai, likapita juu ya mbwa, likampata jogoo kwenye upanga wa kichwa huko mwisho wa ua, akaanguka chali miguu juu. Nimewahi kuona watu wakirusha mishale vibaya kuliko hapo.

Ruguru akajifuta midomo. Ilikuwa imelowa, inang'aa.

"Cucu, hujaona kitu."

"Nione nini," nikasema. "Macho yangu ni ya uzee."

Langoni mtu akabisha. Alikuwa Kaimenyi, gunia la ndimu begani, kifungo cha juu cha shati kimeshafunguliwa kabisa ili asichelewe. Ruguru akaivuta chupa yake karibu, akalegeza mabega, akavaa uso wa mtu aliyetoka jangwani.

"Karibu, shemeji," akasema kwa ile sauti yake nyembamba, na kavu. "Leo umeniletea nini?"